Ulizika Jina la Mama Yangu kwa Keki

Mama yangu mpendwa, Clarisse Nabintu,

Najua wapo watakaoisoma barua hii na kushtuka. Watasema: huyu mzee wa Anderlecht, Ubelgiji, mvi mpaka kwenye nyusi, anamwita binti wa dada yake mama? Waache washtuke. Wa kwetu Bukavu hawahitaji maelezo, lakini barua ni ya wazi na mimi ni mtu wa adabu, basi nitawaeleza. Ulipozaliwa ulipewa jina la mama yangu mzazi, Nabintu. Kuanzia siku ile ukawa mama yangu. Ulikuwa bado unalowesha nepi, na mimi mwanaume mzima mwenye masharubu nasimama mbele yako: "Jambo, mama." Ulipojua kuongea ukaniita "mutoto yangu", wala hukuona haya hata siku moja kunituma maji ya kunywa.

Nakuandikia kwa sababu binti yangu Aline amejifungua. Mtoto wa kike, kule hospitali kubwa ya Jette, ana sauti kama mhubiri aliyenyang'anywa mikrofoni. Watu wa komini, ofisi ya kuandikisha watoto, wanasubiri jina. Jina lenyewe unalijua. Kabla sijaenda kuliandikisha nimeona nikuambie, tena hadharani, maana na wewe ulichokifanya ulikifanya hadharani.

Natumia Kiswahili hiki cha kunyoosha, nilichokiokota Kigoma nikakipiga pasi Nairobi, ili na wasiotoka kwetu waelewe. Shule niliiacha darasa la sita, ni kweli. Lakini dunia nimeisoma yote, na mitihani yake nimeifaulu bila kuchungulia karatasi ya jirani.

Unakumbuka kamioneti yetu nyeupe, lile lori dogo la kazi? Wewe umekaa katikati, miguu haifiki chini, mimi nashika usukani, na mwenzangu wa kazi upande wa dirisha akilalamika kwamba umemaliza vitumbua vyake. Dada yangu alikuwa amekutuma kwangu ukiwa mdogo, yeye amebaki Kampala akisubiri nchi itakayompokea. Sikuwa na mtu wa kukuachia siku za Jumamosi, kwa hiyo ulikuja kazini. Na kazi yangu unaijua: kuhamisha watu. Katika Bruxelles hii yenye ngazi nyembamba kama koo la kuku, hakuna mtu anayepitisha piano dirishani kama mimi. Mabalozi nimewahamisha. Waziri mmoja nimemhamisha. Hata jaji nimemhamisha, tena mke wake akiwa kazini, hana habari.

Ndiyo maana mtu asiniambie siijui fasihi. Fasihi nimeibeba mgongoni mpaka ghorofa ya tano. Friji ukiibembeleza inakuja, lakini katoni ya vitabu inakuvuta chini kama mtoto anayekataa shule. Wewe ulikuwa unazifungua zile katoni kabla hatujazipakia, nami najifanya sioni. Siku moja, kule Ixelles, tulikuwa tunawahamisha mke na mume waliokuwa wakiachana. Ulichungulia katoni za mwanaume, ukachungulia za mwanamke, ukaja kwangu na uso wa mwalimu.

"Mutoto yangu, uyu papa anasoma polisi tu. Na uyu maman mashairi tu. Njo maana banaachana."

"Sasa wangefanya nini?"

"Bangechanganya."

"Bon," nikakuambia, "changanya wewe."

Hapo ndipo kazi yako ilipoanzia, mbele ya Mungu na mbele ya yule mwenzangu wa vitumbua. Wale maprofesa wanaokuuliza siku hizi kwenye video ulipata wapi wazo la kuandika mashairi, kisha hadithi za polisi, kisha mapenzi na mizimu, kisha vitabu vya watoto, unawajibu maneno marefu sana. Jibu ni kamioneti.

Halafu dada yangu akafika Amerika, akapata nyumba, akakuita. Nilikuwa najua siku hiyo itakuja na bado ilinikuta bila soksi. Pale uwanja wa ndege wa Zaventem nilikununulia sandwichi ambayo hukuila. Nikakuambia neno moja tu, hili hapa: chunga jina.

Ulijua kwa nini. Nilikuwa nimekusimulia mara nyingi, na watu wengine waisikie leo. Wakati wa vita mama yangu alikimbia kwa miguu pamoja na majirani, akafia njiani. Walimfunga kwa kitenge chake, wakamfunika kwa mawe kando ya barabara, wakaendelea, kwa sababu risasi hazikuwa zinangoja mtu amalize kulia. Hakuna aliyeketi matanga. Hakuna moto uliowashwa, hakuna mkeka, hakuna wimbo hata mmoja. Mimi nilikuwa Kigoma wakati huo nauza betri sokoni, na habari ilinifikia imeshazeeka. Kilichobaki cha mama yangu duniani ni jina, na jina lilikuwa linatembea kwa miguu yako. Ulinishika shati pale uwanjani, ukanivuta chini, ukaninong'oneza: "Usiogope, mutoto yangu. Iko na mimi."

Nikaamini. Mimi, niliyeuziwa saa ya dhahabu bandia Nairobi na tangu hapo siamini hata kalenda, wewe nilikuamini.

Na sikatai, ulipanda. Kitabu cha mashairi kilikuwa chembamba kama biskuti. Nilikuwa nahamisha profesa mmoja wa Uccle, mwenzangu ameweka kiatu juu ya rundo la vitabu, nikaangalia, nikaona uso wako nyuma ya kitabu. Nilimsukuma yule mtu mpaka akakaa kwenye bafu. Nikaketi kwenye ngazi, nikashika kitabu chako kichwa chini miguu juu kwa furaha, siyo kwa ujinga, watu wasiseme. Profesa akaja kuuliza kama nimeumia. Nikamwambia: "Monsieur, huyu hapa ni mama yangu." Akaangalia picha ya msichana wa miaka ishirini na kitu, akaniangalia mimi, akaniletea glasi ya maji.

Halafu kikaja cha polisi, kile cha mpelelezi anayefanya kazi ya kuhamisha watu na kukuta maiti ndani ya kabati. Usiniambie kabati lile hulijui. Nililibeba mimi! Maiti tu ndiyo uliyoongeza. Nikaona juu ya kitabu kumeandikwa herufi mbili na jina la ukoo la Kizungu. Nikakupigia.

"Na wewe uko wapi ndani ya hii kitabu?"

"Njo mimi, mutoto yangu. Huku kila aina ya kitabu iko na jina yake, ju basomaji basipotee."

Nikaelewa haraka kuliko ulivyodhani. Sisi watu wa mpaka wa Ruzizi tunayajua hayo: kila ng'ambo ina karatasi yake. Mtu wa kuvuka hawezi kuwa na jina moja tu. Mimi mwenyewe nimewahi kuwa Mrundi, nimewahi kuwa Mha wa Kigoma, na wiki moja nilikuwa fundi bomba Mgiriki.

Kwa hiyo uliponiambia kuna vitabu vya aina ya tatu, vya mapenzi na mizimu, na kwamba hivi umevipa jina Nabintu, na kwamba ndivyo vinavyosomwa kuliko vyote, nilicheza. Nilicheza katikati ya Galerie d'Ixelles, kati ya saluni na duka la wigi, mpaka wateja wakadhani Kongo imeshinda kombe. Jina la mama yangu, aliyefunikwa kwa mawe, sasa liko kwenye vioo vya maduka ya Amerika! Nikaenda kwa Maman Béa, unamkumbuka, yule msusi aliyekuwa anakufumua nywele huku akikufinya sikio ili ukae kimya. Nikamwomba kitabu kikae kwenye rafu yake mbele ya mafuta ya nywele, kila mtu akione.

Bon. Kitabu kilipofika kwa posta, tukaona picha ya juu. Mwanaume hana shati, ana misuli kama mikate ya mviringo, na nyuma yake mwanamke mzimu anamshika mahali ambapo mizimu ya kwetu haishiki. Akina mama wa kanisa waliingia kusuka, wakatoka wanapiga ishara ya msalaba. Maman Béa akachukua leso ndogo, akamfunga yule mwanaume kifuani, jina tu likabaki nje. Shemasi mmoja akanijia: je, siyo aibu jina la marehemu mama yako kukaa juu ya mambo kama hayo? Nikamjibu: "Shemasi, mama yangu alizaa watoto tisa. Unadhani tuliletwa na posta?"

Nakukumbusha haya ili usije ukasema mjomba wako, Tonton wa kizamani, amekasirikia mapenzi. Sikukasirika. Nilibishana na parokia nzima kwa ajili yako. Ungeandika lile jina hata juu ya kitabu cha mapishi ya nguruwe ningekula.

Sasa nikuambie ile siku, kwa sababu wewe uliiona upande wa Amerika tu.

Ilikuwa Jumamosi, saluni imejaa. Mimi nimeketi kwenye kiti cha wateja, nadanganya kidogo kuhusu piano ya juzi. Maman Béa akachukua simu yake, akanyamaza. Maman Béa, anyamaze! Ulikuwa umeweka tangazo mtandaoni: kitabu kimefungwa utepe mweusi, mshumaa, na jina. Simu ikamtafsiria kutoka Kiingereza: Nabintu ametutoka kwa amani, ameacha vitabu saba, asiletewe maua. Labda chini kulikuwa na mzaha ulioeleza. Lakini kwetu tangazo la kifo nani analisoma mpaka mwisho? Ukifika kwenye jina unapiga yowe. Akapiga.

"Mungu wangu weee! Clarisse! Banasema Nabintu amekufa!"

Nilikupigia. Hukushika. Nikapiga tena, hukushika. Nikampigia dada yangu, simu imezimwa, yuko kazini. Na pale Galerie, mama, huhitaji kumwita mtu. Viti vya mkahawa wa jirani vilitoka vyenyewe. Vitenge vikatandikwa mbele ya saluni. Wasusi wakaacha vichana hewani; kuna mteja mmoja nusu ya kichwa imesukwa na nusu imesimama kama moto wa nyasi, hakujui, hajawahi kukuona, na ndiye aliyelia kuliko wote. Mtu akaleta chai. Yule shemasi niliyemtukana akaja mbio, akaketi chini kando yangu, akanishika goti.

Halafu akina mama wa Kivu wakaanza kuimba. Zile nyimbo zetu, za polepole, zinazolitaja jina la aliyekwenda na kumwuliza amemwachia nani watoto. Nabintu, umemwachia nani? Nabintu, nani atatufungulia mlango?

Nililia, Clarisse. Mimi mpitisha piano. Nililia kwa ajili yako, binti niliyemlisha vitumbua vya mtu mwingine. Lakini kila walipolitaja jina, kitu kingine kilikuwa kinafunguka chini zaidi, mpaka nikasikia nalia kwa Kishi, lugha ya kwetu, maneno ya mtoto, na nikajua ninayemlilia ni mwenyewe wa kwanza. Yule wa mawe. Miaka yote ile, na mkeka wake ulikuja kutandikwa Bruxelles, mbele ya saluni, kwa makosa. Hata watu wa wigi walikuwa wamezima muziki. Sijawahi kuwa na huzuni nzuri kama ile.

Ndipo simu ikalia.

"Allo? Mutoto yangu! Simu mingi vile, kuko nini?"

Nilisimama na kiti. "Uko muzima?"

"Niko muzima, niko nakunywa kahawa. Nani anakuambia niko mugonjwa?"

"Yuko muzima!" nikapiga kelele, na Galerie yote ikapiga vigelegele, shemasi akaruka, mteja wa nusu kichwa akaanguka juu ya Maman Béa. Ile furaha sitakunyima, ilikuwa yako yote. Nilikuambia: banasema Nabintu amekufa, bantu banalia hapa.

Ukacheka. Siyo kwa ubaya, nakijua kicheko chako. Ukasema: "Ah, ile! Ile njo jina ya bitabu tu. Nimeiua. C'est juste un pseudo." Ukaeleza kwamba watu wa mashairi wanakucheka kwa sababu ya vile vitabu, kwamba sasa unataka kurudi kwenye kazi nzito, na kwamba mlifanya sherehe. "Angalia ku page yangu, utacheka."

Maman Béa akafungua. Tukaangalia, mimi na akina mama waliokuwa bado na machozi kidevuni. Marafiki zako wamevaa nguo nyeusi na kofia za vitambaa vya wavu, wanajifanya kulia, wanagongesha glasi. Mezani kuna keki yenye umbo la jeneza. Juu ya keki, kwa sukari nyeupe, NABINTU. Na wewe unashika kisu, unakata katikati ya jina, unampa huyu NA, unampa yule BI, na mtu nyuma anapiga gitaa.

Hakuna aliyecheka. Maman Béa akaweka simu kwenye aproni yake akaniuliza taratibu, "Alors, Tonton Dédé, sisi tulikuwa tunamulilia nani?"

Akina mama wakaanza kukunja vitenge. Mmoja akasema bon, Mungu ni mwema, hakuna aliyekufa. Viti vikarudi mkahawani. Muziki wa wigi ukawaka. Na mama yangu, aliyepata matanga kwa muda wa chai moja, akanyang'anywa mkeka akiwa juu yake.

Bado sikuwa nimekukasirikia. Nilijiambia: ni mtoto, Amerika watu hucheka na vifo kama sisi tunavyocheka na harusi. Nikatoka nje, Chaussée de Wavre, nikakupigia tena, niko mwenyewe. Nikakuambia kuhusu Aline. Kwamba ana mimba ya kike, kwamba tangu ujana wake analitaka lile jina kwa mtoto wake, na kwamba siku zote nimemkatalia, kwa sababu katika ukoo wetu jina la mama halishikwi na wawili walio hai. Nilimwambia Aline lina mwenyewe. Nilikuwa nakupa mlango, Clarisse. Mlango mpana, hata piano ingepita. Ungesema tu: hapana, mutoto yangu, hilo ni langu, nilikosea na keki. Ningesahau palepale. Ningemwambia Maman Béa video ilikuwa ya mtu mwingine.

Ulisema: "Kama Aline anaitaka, akamate tu. Mimi siitumikishe tena."

Vile mtu anavyosema kuhusu koti lililombana mabega.

Sijui kama ulikuwa unaandika huku unaongea na mimi, nilisikia vidole kwenye kompyuta. Labda tayari ulikuwa kwenye kitabu kingine. Hilo nalo ndilo linalonikwama. Shimoni ulimokuwa unalitupa jina mimi nilikuwa nimo, na wewe ulikuwa unatafuta neno zuri kwa mtu wa kitabuni asiyekuwepo.

Niliporudi nyumbani nilitaka kwenda komini siku hiyohiyo, hata mtoto hajazaliwa. Aline akanizuia mlangoni na tumbo lake.

"Papa, usiende na hasira. Jina ya hasira haikomalishe mutoto."

Binti yangu hajasoma zaidi yangu sana, lakini hiyo aliipata mahali pazuri. Nikangoja. Nikahamisha watu. Nikabeba vitabu vya watu na sikufungua katoni hata moja. Na jana kule Jette nikawekewa mtoto mikononi, nikamnong'onezea jina sikioni. Akafungua jicho moja tu, kama mama alivyokuwa akifanya nilipomwambia nimetoka kanisani. Nikatafuta hasira ndani yangu, sikuiona. Kulikuwa na kitu kingine, kinauma zaidi na hakina kelele. Nikaona sasa naweza kwenda.

Basi kesho nakwenda komini na Aline, na jina linaandikwa. Wewe uko huru. Andika mashairi, andika polisi, andika hata kwa jina la namba, nitaendelea kukubeba mpaka ghorofa ya tano na mtu akikukanyaga atakaa kwenye bafu. Chumba chako Anderlecht kipo, ufunguo hatujabadilisha, na ukitaka kuja kumwona mtoto njoo hata bila kupiga simu.

Ila jua unakuja kwa nani. Mama yangu yuko Jette, ananyonya. Wewe ni binti wa dada yangu. Nitakapokusikia mlangoni sitainuka. Utaweka begi chini, utakuja mpaka nilipoketi, na ni wewe utakayeanza kusalimu.

Kwaheri, Clarisse.

Tonton wako,
Dédé